Kitambaa na Mashine

Ukifika mtaa ule ukauliza jina halisi la mama anayefuta magari kwenye gereji yenye milango ya bluu, utatazamwa tu. Uliza Kitambaa, utapelekwa mpaka mlangoni. Mumewe ni Mashine. Hata watoto wao, watu wazima wenye nyumba zao huko mbali, wakipiga simu huuliza, "Mashine mzima? Na Kitambaa?" Mume hushika mashine ya kung'arisha rangi, mke humfuata nyuma na vitambaa vyake, na wamefuatana hivyo tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi na magoti yasiyolalamika.

Asubuhi hiyo Kitambaa alikuja kazini na begi. Alilisukuma chini ya meza ya zana, akalifunika kwa turubai kuukuu, akajifunga aproni. Alikuwa amekata shauri. Gari lililokuwa ndani likimalizika, anakwenda kwa dada yake mkubwa, na asiulizwe anarudi lini. Dada alishamwambia chumba kipo. Mtu angeuliza, kama unaondoka kwa nini usiondoke sasa hivi? Kwa sababu kazi ya watu haiachwi nusu. Ndoa ikiachwa nusu ni shauri la wenyewe, lakini gari lina mwenyewe. Kitambaa alikuwa na hasira, ila hasira yake ilikuwa imelelewa vizuri.

Walikuwa hawasemezani, na halikuwa jambo la jana wala juzi. Nyumbani walipishana mlangoni kama wapangaji. Kazini, kwa kuwa kazi haiendi kwa ububu, walimtumia fundi pancha, jirani ambaye kibanda chake kinatazamana na gereji. Fundi pancha alimwita Kitambaa dada, kwa hiyo Mashine alikuwa shemeji yake, kwa hiyo, maskini, hakuwa na pa kukimbilia.

"Mwambie shemeji yako ndoo ya kusuuzia ina mchanga," Kitambaa angesema, na huyo shemeji amesimama palepale, karibu kiasi cha kukanyagwa mguu.

"Shemeji, ndoo ya kusuuzia ina mchanga."

"Mwambie dada yako nimesikia."

"Dada, amesikia."

"Nimemsikia kwamba amesikia."

"Sasa mimi hapa wa nini?" fundi pancha angeuliza, na hakuna aliyemjibu, maana swali hilo halikuwa na wa kulipeleka.

Watu walidhani kisa ni kikombe. Mama yake Kitambaa alipofariki alimwachia binti yake kikombe cha kaure chenye maua ya bluu, na Kitambaa akawa anamtilia mumewe chai humo, kwa sababu hakutaka kikae kabatini kama mgeni aliyesahauliwa. Siku moja kikamtoka Mashine mkononi. Pwaa, sakafuni. Mashine akavitazama vile vipande kana kwamba vimedondoshwa na mtu mwingine. "Kikombe tu hiki," akasema, akaenda kuchukua ufagio.

Kikombe tu hiki! Kuna maneno ambayo mwanamume akiyasema, heri angeuma ulimi. Lakini chini ya kikombe kulikuwa na jambo ambalo Kitambaa hakumwambia mtu, hata dada yake. Siku ya mazishi, udongo ulipoanza kumshukia mama, aliutafuta mkono wa mumewe akaubana kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Mkono ule ulikaa tu ndani ya wake kama mpini wa jembe. Mashine alikuwa anatazama mbele, macho makavu. Kitambaa akaubana tena. Wapi! Tangu siku hiyo akajua, au akadhani anajua, kwamba mwanamume huyu amemchoka.

Akaanza kutafuta dalili, na mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Mashine aliacha mashati ya vifungo akawa mtu wa fulana. Aliacha viatu vya kamba akawa mtu wa kandambili. Amejiachia, Kitambaa akawaza, hana tena wa kumpendezea. Chai alikuwa akiishika kwenye kikombe cha bati ikiwa bado inachemka, wakati yeye Kitambaa hata akitumia ncha ya aproni anaungua. Roho imemwota sugu mpaka kwenye vidole, akawaza. Na alichoka. Alichoka kuchunguza, alichoka kununa, maana kununa nako ni kazi, tena haina siku ya mapumziko.

Gari lenyewe lilikuwa la mbio, la rangi ya damu ya mzee, limelala chini mno hata Kitambaa alilazimika kupiga magoti ili kufuta mlango. Mwenye gari alikuwa daktari wa meno, mtu mpole, ambaye kila alipolileta alilizunguka mara moja kabla ya kuondoka, kama mzazi anayemwacha mtoto shule. Safari hii alitaka lipigwe dawa ya kinga, ile inayokauka juu ya rangi ikawa ngumu kama kioo, ili jua na vumbi na kinyesi cha ndege visipate pa kushika. Alisema atalifuata siku ya tatu jioni.

Siku mbili zilizotangulia walikuwa wamelisafisha. Walilifunika povu wakauacha uchafu ulainike wenyewe, wakaliosha kutoka juu kwenda chini, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia. Kitambaa alitia mkono ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni akaupitisha juu ya rangi, maana mkono ulio ndani ya nailoni huhisi vichembe ambavyo jicho halivioni. Kisha Mashine akawasha mashine. Siku nzima aliinama juu ya boneti, milango na mabawa ya juu ya magurudumu, kile chombo kikinguruma na kumtetemesha mpaka mashavu, akiondoa mikwaruzo midogo ya mviringo inayofanana na utando wa buibui. Alipozima jioni, mikono yake iliendelea kutetemeka. Aliificha mifukoni. Kitambaa aliona, akageuza uso, kwa sababu mtu unayemnunia huwezi kumwonea huruma na bado ukabaki na nguvu za kumnunia.

Leo ilibaki ile dawa. Na dawa ya kinga ina masharti kuliko bibi harusi. Haitaki vumbi, kwa hiyo milango ya bluu ilifungwa na fundi pancha akabaki nje. Haitaki haraka, haitaki kuchelewa. Unaipaka kidogo kwa sponji iliyovishwa kitambaa, kipande kimoja cha gari baada ya kingine, kisha unaingoja. Itatoa rangi rangi, kama za mafuta ya taa juu ya dimbwi. Unagusa pembeni kwa ncha ya kidole kilicho ndani ya glavu nyembamba. Ikikushika kidogo kidole, kama asali iliyoanza kukauka, wakati umefika. Hapo Mashine husema, "Haya," na Kitambaa hufuta. Akifuta mapema, anaiondoa yote. Akichelewa, inaganda na doa lake halitoki ila kwa kurudiwa na mashine.

"Haya." Neno hilo moja wamelitumia maisha yao yote. Siku hiyo Mashine hakulisema. Alipopaka boneti akagusa, akasubiri, akaikodolea macho chini ya taa, kisha akarudi nyuma hatua moja. Kitambaa akaelewa, akaingia akafuta. Mlango wa kushoto, vivyo hivyo. Mlango wa kulia. Buti. Kimya kimya, kama watu wanaoiba gari badala ya kulisafisha. Kitambaa alifuta kwa mzunguko wake uleule, bega la kulia likimuuma mahali palepale, na kila kipande kilichokwisha kilikuwa kinamsogeza kwenye begi lake. Hakufurahi. Alikuwa amedhani atafurahi.

Likabaki paa.

Taa ilikuwa upande wa Kitambaa, imesimama kwenye mguu wake, inamulika kutoka kwake kwenda kwa mumewe. Ili Mashine aone vizuri, ilibidi isogezwe, na ili isogezwe ilibidi amwambie mkewe. Hakumwambia. Alipaka paa, akasimama, akagusa kwa kidole. Akangoja. Akagusa tena.

Kwa upande wake Kitambaa aliziona rangi zikija. Zikatandaa juu ya ile damu ya mzee, kijani na zambarau, nzuri. Akakunja kitambaa safi, akangoja mumewe arudi nyuma. Mashine hakurudi. Aligusa tena, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ukuta.

Si aseme basi, Kitambaa akawaza. Hata neno moja limemshinda? Rangi zikaanza kufifia. Alijua maana yake. Mtoto mchanga wa kazi ile angejua. Ulimi ulimwasha. Angeweza kusema, angeweza hata kukohoa. Lakini alikuwa amebeba kimya chake kwa muda mrefu kiasi kwamba kukitua juu ya paa la gari la daktari wa meno aliona ni kushindwa. Akasimama na kitambaa chake. Zile rangi zikaisha kabisa.

Ndipo akazinduka. Gari la watu!

"Imekauka," akasema.

Sauti yake mwenyewe ilimshtua. Mashine naye alishtuka, akainua macho kama aliyeitwa kutoka ndotoni.

"Bado," akasema.

"Imekauka, nakwambia."

"Bado, mama. Nagusa hapa, haijashika."

Kitambaa alinyoosha mkono juu ya paa akaigusa palepale kilipokuwa kidole cha mumewe. Ilikuwa ngumu kama sahani. Ilikuwa imepita kushika, imepita kila kitu. Akamtazama. Mashine alikuwa bado ameweka kidole, anasubiri kwa uaminifu kabisa kitu ambacho kilikwisha kupita.

"Vua glavu," Kitambaa akasema.

"Ya nini?"

"Vua glavu, mzee."

Akaivuta polepole, kwa meno, kwa sababu vidole vya mkono wa pili havikuweza kuibana. Ilipotoka, damu ilitoka nayo. Kidole cha shahada kilikuwa kimechanika kutoka ncha hadi kiungo cha kwanza, na ndani ya glavu damu ilikuwa imetuama. Kitambaa alikumbuka wembe ambao mumewe alibandulia utepe wa kukinga mipira ya madirisha ya gari. Hiyo ilikuwa asubuhi, kabla ya boneti.

"Umekatwa na nini?"

Mashine alikitazama kidole. Alikitazama vilevile alivyovitazama vipande vya kikombe.

"Sijui," akasema.

Kitambaa alizunguka gari. Alisahau bega, alisahau goti, alisahau na daktari wa meno. Akaushika ule mkono, akafunga kidole kwa kitambaa kipya kabisa ambacho siku nyingine angemkata mtu mkono kwa kukichafua. Vidole vilikuwa vyeupe kwenye ncha na baridi, katika gereji iliyofungwa madirisha na kujaa joto. Akaviminya.

"Unasikia?"

"Hapana."

Akaminya kiganja. "Hapa?"

"Kwa mbali."

Akapanda, akamfinya juu ya kifundo cha mkono, kwa kucha.

"Aah! Hapo nasikia."

"Tangu lini?"

Mashine aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mara akaonekana mzee, na amechoka kuliko alivyochoka mkewe, naye mkewe alidhani kwa uchovu hana mshindani.

"Ilianza kidogo kidogo. Ganzi ya jioni, asubuhi imekwisha. Baadaye ikawa haiishi. Ni hii kitu," akaonyesha mashine kwa kidevu. "Imenitetemesha miaka yote hii, imekula vidole. Nikawa natumia macho. Nikiona rangi zimekuja, najua. Leo taa ilikuwa kwako."

"Ungesema nikusogezee."

"Tulikuwa hatusemi."

"Na kabla hatujaacha kusema?"

Mashine alikiinamia kile kidole kilichofungwa. "Ungenikataza mashine," akasema. "Na watu wote wananiita Mashine. Nikiiweka chini, wataniita nani?"

Lilikuwa jibu la kijinga, na Kitambaa alitaka kumwambia hivyo, tena kwa maneno marefu. Lakini mambo mengine yalikuwa yanamjia. Vifungo vya mashati. Kamba za viatu. Kikombe cha bati. Vyote vilikuwa vinapita mbele yake, na nyuma yao kulikuwa na udongo unashuka.

"Siku ya mama," akasema. "Pale kaburini. Nilikushika mkono."

Mashine aliinua uso.

"Ulinishika mkono?"

Kitambaa aliegemea meza ya zana. Alilia kwa sauti, kama alivyopaswa kulia siku ile na hakulia, kwa sababu siku ile hasira ilikaa mahali pa machozi. Alimlilia mama, akakililia kikombe, akazililia zile siku zote walizopishana mlangoni. Huko nje fundi pancha akaacha kugonga taili.

"Dada! Kuna usalama?"

"Upo!" Mashine akamjibu kwa sauti kubwa. "Endelea na kazi yako!"

"Haya makubwa," fundi pancha akajisemea, kisha nyundo ikaendelea.

Alipokwisha kunyamaza, paa lilikuwa bado pale. Lilikuwa na wingu jeusi lililoganda katikati, baya, linaloonekana hata na kipofu. Machozi hayatoi dawa ya kinga. Mashine akainuka kwenda kuchukua mashine, na Kitambaa akamtangulia.

"Leo nashika mimi."

"Hujawahi."

"Nimekufuata nyuma maisha yangu yote. Nitashindwaje kuijua njia?"

Kushindwa alishindwa kidogo, mwanzoni. Ile mashine ilimvuta kulia, ikamvuta kushoto, ikamtetemesha mpaka meno yakagongana, na alielewa kwa mara ya kwanza mumewe alikuwa anabeba nini kila siku akirudi nyumbani na mikono mifukoni. Mume alisogeza taa, akasimama upande wenye mwanga, akawa jicho. "Usikandamize. Iache iende yenyewe. Pembeni punguza, rangi ya pembeni nyembamba. Rudi. Hapo, hapo." Doa likaanza kulegea. Walipumzika mara nyingi, kwa aibu hakuna aliyesema wamepumzika mara ngapi. Lilipotoka lote walilifuta paa kwa spiriti, Kitambaa akapaka dawa upya, akagusa pembeni kwa ncha ya kidole chake. Ikamshika.

"Haya," akasema.

Mashine alijizungushia kitambaa kwenye kiganja, akafuta. Alifuta vibaya, kwa mkono mzima, kama anayefuta meza ya chakula, na mkewe akapita nyuma yake akarekebisha bila kumwambia.

Daktari wa meno alikuja jua limeshuka. Alilizunguka gari lake mara moja, kama kawaida yake, akainama, akajiona kwenye mlango, akatengeneza kola. Walimweleza asilioshe mpaka wiki ijayo. Akasema limekuwa zuri kuliko siku aliyolinunua, akaona kile kidole kilichofungwa, akavigusa vile vingine, akashauri kionyeshwe daktari, wa mikono, akaongeza, si wa meno. "Na hiyo baridi ya vidole mwambie pia," akasema. Gari likatoka linang'aa. Hakuna aliyelisindikiza kwa macho.

Fundi pancha alivuka barabara akipangusa mikono. Alikuwa mtu pekee pale mtaani aliyeambiwa habari za begi, na tangu asubuhi lilikuwa limemkaa rohoni.

"Dada," akanong'ona, "nimwambie shemeji nini?"

"Usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe."

"Yaani nimeachishwa kazi?"

"Umeachishwa."

"Mungu mkubwa," akasema fundi pancha, akarudi kwenye taili zake haraka kabla hawajabadili mawazo.

Kitambaa aliosha sponji, akaanika vitambaa, akamwaga maji ya ndoo. Alifanya hayo yote taratibu kwa sababu ya kilichokuwa chini ya meza ya zana. Alipogeuka, Mashine alikuwa ameshaondoa turubai. Begi lilikuwa linaning'inia kwenye mkono wake, kishikio kimepitishwa mpaka kwenye kiwiko, maana vidoleni kisingekaa.

"Nililiona asubuhi," akasema.

"Na ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Kama ni kukushika usiondoke, ningekushika kwa mkono upi?"

Kitambaa alikuwa amechoka mno, na bado kulikuwa na mengi: daktari wa mikono, na kazi itafanywaje, na dada ambaye alikwisha kutandika kitanda, na lile neno la kikombe, ambalo alikuwa hajalisamehe na hakukusudia kulisamehe leo. Alifunga milango ya bluu, akatia ufunguo kwenye aproni. Barabara ilikuwa na giza la mwanzo na watu wanarudi makwao.

Alipita upande usio na begi. Mkono wa mumewe ulikuwa unaning'inia, na kwa mazoea alitaka kushika vidole. Akajizuia. Akapanda juu, akashika mkono ule juu ya kiwiko, penye nyama, akaubana kwa nguvu zake zote, kama siku ile.

Mashine akaukumbatia mkono wa mkewe kwa ubavu, akaubana, akaenda nao hivyo mpaka nyumbani.